Jiwe Lililogeuzwa Mara Mbili

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo hata watoto wangu wanalijua. Naogopa mbwa hata akiwa amefungwa. Naogopa ngazi, naogopa soketi zilizolegea, naogopa mtungi wa gesi unaotoa mlio ambao ni mimi peke yangu ninayeusikia. Pale karakana wananiita Kunguru, kwa sababu kunguru akiona mtu anainama hangoji kujua anaokota nini. Jina limenikaa mpaka siku hizi nikiitwa jina langu halisi nageuka nyuma kumtafuta mwenyewe.

Kwa mtu wa aina hiyo, kazi yangu ni kichekesho. Nashindilia mawe ya cherehe, yale magurudumu yanayozungushwa na mota na kurusha cheche mtu anaponoa shoka au kulainisha ukingo wa chuma. Jiwe hili haliokotwi, linatengenezwa. Linaanza likiwa unga: chembe ngumu zinazokata, zimechanganywa na gundi kavu iliyosagwa. Unaumwaga unga ndani ya kalibu, ambayo ni pete nene ya chuma yenye sahani chini na sahani juu, unausawazisha mpaka ulale vizuri, kisha presi inashuka na kuubana. Baadaye jiwe linaingia kwenye tanuri mpaka gundi iive na kushika. Ukilikuta dukani huwezi kuamini kwamba lilikuwa kitu cha kupeperushwa na feni.

Kuna jambo moja lazima niliseme mapema, maana bila hilo hutajua niliogopa nini. Unga haupendi kubanwa. Ukiusukuma kutoka juu, sehemu ya juu inakubali na kushikamana, lakini nguvu inapungua kadiri inavyoshuka, kwa sababu unga unasuguana na ukuta wa pete na wenyewe kwa wenyewe. Ni kama kufunga begi la safari: unalikandamiza kwa goti, nguo za juu zinakuwa ngumu kama ubao, na ukiingiza mkono chini unakuta bado kuna nafasi ya jozi ya viatu. Ndiyo maana jiwe linashindiliwa mara mbili. Mara ya kwanza sahani ya juu inazama mpaka inalingana na mdomo wa pete. Kisha kalibu inageuzwa, chini inakuwa juu, na presi inashuka tena kuumalizia upande uliobaki. Usipogeuza, jiwe linatoka na uzito uleule na unene uleule, mizani haikuambii kitu, lakini upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni mchanga uliovalishwa ganda la gundi. Jiwe la namna hiyo likiwa kwenye kasi linapasuka na kuruka vipande, na vipande haviulizi nani amesimama mbele.

Kwa macho huwezi kujua kama kalibu imeshageuzwa. Sahani zake zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kwa hiyo pale kwetu kuna sheria moja ambayo mgeni anaambiwa hata kabla hajaonyeshwa choo: aliyemwaga unga ndiye anayegeuza. Kalibu ya mtu haiguswi.

Anayeyatumia mawe hayo ni mke wangu. Yeye na mimi ni mbingu na ardhi. Panya akiingia ndani, mimi napanda kitandani na yeye anatafuta kiatu. Anafanya kazi kwa baba yake, kwenye karakana ya kunoa: visu vya wachinjaji, majembe, misumeno, na mapanga marefu ya mashine za kukatia karatasi. Nilimpenda akiwa amesimama pale kwenye cherehe kubwa, cheche zikimruka kifuani, na hofu yangu juu yake ilianza siku ileile.

Baba mkwe ni mzee mfupi, mpana, asiyependa maneno. Alinishtukia tangu siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, nikakataa kukalia kiti kwa sababu mguu wake ulikuwa na ufa. Nilisimama mpaka mazungumzo yakaisha. Tangu hapo, kila nikisema hiki kina hatari, mzee huwa anakiangalia kile kitu kwa huruma.

Na nimemsumbua, sikatai. Jiwe zima ukilining'iniza na kuligonga kwa mpini wa bisibisi, linalia mlio mrefu, safi. Lenye ufa linajibu kama mlango wa kabati. Mimi nimewahi kumzuia mzee asifunge jiwe kwa sababu mlio haukunipendeza, na si mara moja. Mara ya mwisho alichoka. Alichukua nyundo kubwa, akaliweka lile jiwe sakafuni mbele ya wateja, akalipiga. Nyundo ikadunda. Akapiga tena, mpaka likakatika vipande viwili vigumu, vyote vikiwa vizima kabisa ndani, akaniwekea kimoja mkononi.

"Kampelekee bosi wako," alisema. "Mwambie jiwe lake ni zuri, na anayelitengeneza ndiye mwenye ufa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu pia alicheka, ingawa alikuwa amegeukia ukutani ili nisimwone. Niliumia, nikajiapiza kwamba sitawahi kumzuia tena mzee yule jiwe lolote.

Baada ya hapo ndipo ikaja oda ya jiwe la cherehe kubwa. Lilikuwa na upana wa gurudumu la baiskeli ya mtoto. Kwa sababu ni la mke wangu, nililichukua mwenyewe. Niliupepeta unga, nikaumwaga kwa mkono mtulivu, nikausawazisha kana kwamba natandika kitanda cha mgeni. Presi ikashuka mara ya kwanza, ikapanda. Nikawa nafungua mnyororo wa kugeuzia, umeme ukakatika.

Chumba chetu hakina madirisha ya maana. Umeme ukikatika, inabaki giza na lile tanuri linalopumua kwenye kona. Mimi sikai humo. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mwanga pamoja na wenzangu, tukapiga soga mpaka taa zikawaka. Niliporudi nilikuta kalibu yangu ipo palepale nilipoiacha. Niliivalisha mnyororo, nikaiinua kwa mtaimbo, nikaigeuza huku jasho likinitiririka, nikaishindilia mara ya pili. Nilihisi nimefanya kazi ya kiume.

Lilipotoka kwenye tanuri nililining'iniza kwenye bomba na kuligonga. Lililia, lakini mlio ulikatika mapema kidogo. Niligonga tena. Nikapima uzito, uko sawa. Nikapima unene, uko sawa. Nikakumbuka nyundo ya mzee na wale wateja, nikajiambia, Kunguru, leo nyamaza. Nikanyamaza. Nililibandika lebo, nikalifunga ndani ya gunia, nikalipeleka mwenyewe ukweni, na mzee alipouliza kwa dharau, "Hili halina ugonjwa?" nilimjibu kwamba halina.

Sasa, pale kazini nina mwenzangu tunayemwita Mnene. Ni mtu wa nguvu na wa utani, mwenye roho nzuri kuliko wote mle ndani. Jiwe lilikuwa limeshafungwa na kuanza kazi siku tulipokuwa tunakunywa chai, mimi na yeye, tumekalia magunia ya chembe.

"Kunguru, wewe huna shukrani kabisa," aliniambia.

"Nimekukosea nini tena?"

"Siku ile umeme ulivyokatika. Ulikimbilia nje, hata mnyororo umeuacha unaning'inia. Nani alikugeuzia kalibu yako?"

Sikumwelewa mara moja. Niliona tu meno yake, maana alikuwa anatabasamu.

"Kalibu ipi?"

"Ile kubwa ya mkweo. Nikasema huyu ndugu yangu mgongo wake ni wa kuazima, acha nimsaidie, umeme ukirudi akute kazi imebaki kubonyeza tu. Mpaka leo hata ahsante sijaisikia."

Kikombe kilinitoka mkononi. Chai ya moto ilinimwagikia mapajani na sikuisikia. 

"Mimi niliigeuza," nilisema.

"Lini?"

"Niliporudi. Nilijua haijageuzwa. Nikaigeuza."

Mnene aliendelea kutabasamu kidogo, kwa mazoea tu, kisha tabasamu likamtoka usoni. Yeye kaigeuza, mimi nikairudisha. Presi ilishuka mara mbili upande uleule. Upande wa pili haukuguswa na mtu.

"Labda..." alianza.

Sikumngoja. Nilikuwa nimeshatoa simu, na kwa haraka nikampigia fundi viatu badala ya mke wangu. Nilipopiga namba yake, simu iliita hadi ikakatika. Nilijua iko wapi. Iko kwenye droo, chini ya glavu za akiba, na yeye yuko kwenye cherehe na masikio ameyaziba. Nikampigia mzee.

"Shikamoo baba. Tafadhali zimeni cherehe kubwa."

"Marahaba. Leo umeota nini?"

"Sijaota, baba. Lile jiwe limeshindiliwa upande mmoja tu. Upande wa pili ni unga mtupu."

"Si ulilileta wewe?"

"Nililileta mimi."

"Nikakuuliza, ukasema halina ugonjwa."

"Nilisema, baba, lakini nilikuwa sijajua."

"Linafanya kazi tangu jana na halijalalamika," mzee alisema. "Anayelalamika ni wewe. Tuna mapanga ya kiwanda cha karatasi hapa, mwenyewe anayataka leo. Niache."

Akakata. Nikapiga tena, akawa hapokei. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikiwapigia watu kelele za bure, na siku niliyo na neno la kweli mdomoni, lilikuwa na sauti ileile.

Kilichonitisha zaidi ni yale mapanga. Kisu cha jikoni unakigusisha tu kwenye jiwe. Panga la mashine ya karatasi ni refu kama mkono na zaidi, unaliegemeza kwa uzito wa mwili, na kulinyoosha unatumia ubavu wa jiwe. Ganda la gundi lingevumilia siku ya kwanza, lakini likishalika, kinachobaki ni ule mchanga, na mke wangu anaukandamiza kwa mabega yake yote mawili, uso ukiwa karibu, kwa sababu kazi nzuri inataka jicho liwe karibu.

Nilitoka mbio. Bosi aliuliza naenda wapi, Mnene akamjibu kitu nyuma yangu, sikukisikia. Barabarani nilisimamisha pikipiki. Mimi sipandi pikipiki. Sijawahi kupanda tangu nimwone jirani yetu alivyoletwa nyumbani. Nilipanda, nikamkumbatia dereva mpaka akasema, "Kaka, niache nipumue," nikamwambia akimbize.

Njia nzima nilikuwa namwona. Sikumwona akiwa amekufa, hilo akili ilikataa. Nilimwona akiwa hai kwa namna mbaya: ameketi nyumbani na kitambaa usoni, pacha wetu wanamwogopa. Nilimwona akinigeuzia uso na kuniuliza kama niligonga lile jiwe kabla ya kulileta. Na ningejibu nini? Kwamba niligonga, nikasikia, nikaogopa kuchekwa?

Karibu na karakana ya mzee kulikuwa na lori limeziba mtaa, linashusha mabati. Dereva wa pikipiki aliweka mguu chini. Nikaruka, nikapita chini ya mabati yaliyokuwa mabegani mwa watu, jambo ambalo siku nyingine nisingelifanya hata kwa kusukumwa, nikakimbia. Kabla sijafika mlangoni niliisikia cherehe. Unaijua sauti ya jiwe linapokula chuma, ule mlio mwembamba wenye hasira? Huo ulikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, mtikisiko mdogo, unaokuja na kupotea. Labda nilikuwa nausikia peke yangu, kama ule wa mtungi wa gesi.

Ndani palikuwa kama siku zote. Vumbi, harufu ya chuma kilichoungua, mapanga yamepangwa kwenye mbao. Mke wangu alikuwa mwisho wa chumba, amenipa mgongo, miwani usoni, panga refu mikononi, ameliegemeza kwenye ubavu wa jiwe. Mzee alikuwa kwenye meza anayapaka mafuta makali ya kisu kimoja.

Niliita. Hakusikia. Sikuthubutu kumgusa, maana ukimshtua mtu aliye kwenye cherehe unaweza kumsukumia humohumo. Ilibaki swichi. Swichi ya cherehe ile iko ukutani, mbele ya jiwe kabisa. Niliwahi kulilalamikia hilo, mzee akaniambia nije niihamishe mwenyewe, akijua nisingeushika waya. Ili kuifikia ni lazima ukae kwenye mstari wa jiwe, pale vipande vinakokwenda vikiruka.

Miguu ilikataa. Nasema kweli, ilikataa kama ya mtu mwingine. Nilisimama pale nikitazama cheche, na nikajichukia vibaya sana, kwa sababu mke wangu alikuwa anakufa mbele yangu na mimi nilikuwa nahesabu njia ya kupita pembeni. Njia haikuwepo. Mwishowe nilifumba macho nikaenda. Nilipapasa ukuta, nikahisi upepo wa jiwe kwenye sikio, cheche zikaniuma shingoni, mkono ukaipata swichi nikaishusha.

Mota ikanyamaza. Jiwe halikunyamaza. Jiwe kubwa likizimwa linaendelea kuzunguka kwa muda mrefu kwa uzito wake tu.

Mke wangu aliinua uso, akavua vizibo vya masikio. "Baba Pacha? Watoto wana nini?"

"Ondoka hapo. Sogea mbali na jiwe, njoo huku. Taratibu."

"Watoto wana nini?"

"Hawana kitu. Ondoka hapo, mama, nakuomba."

Alipojua watoto wazima, hasira ikampanda, niliiona inavyopanda. Lakini alisogea, panga mkononi, labda kwa sababu sijawahi kumwambia nakuomba mbele ya baba yake. Na hapo mzee akaja. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akachukua kipande cha ubao kilichokuwa kimeegemezwa kwenye mguu wa cherehe.

"Hata shikamoo hakuna," alisema. "Unaingia kwa watu unazima mashine."

Mimi nilikuwa natazama ule ubao. Wanoaji wote wana tabia hiyo: jiwe likichelewa kusimama, wanalibana ubavuni kwa ubao ili lisimame upesi. Jiwe zuri linavumilia. Mzee alikuwa anauelekeza ubao kwenye ubavu wa ndani, uleule mke wangu aliokuwa akinolea panga, na jiwe bado lina kasi.

"Baba, usiliguse," nilisema.

"Nataka lisimame nikuonyeshe ulivyo..."

Nilimkamata. Nilimkumbatia baba mkwe wangu kiunoni kwa nyuma, mtu ambaye hata mkono nampa nikiwa nimeinama, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Tulianguka wote wawili juu ya rundo la vyuma chakavu, yeye juu yangu, ubao ukaruka upande. Alinipiga kiwiko cha mbavu. Nikazidi kumshika. Alikuwa ananitukana kwa sauti ya chini, matusi ambayo sikujua kwamba anayajua, na mimi nilikuwa nimeficha uso mgongoni kwake, nasema, "Nisamehe baba, nisamehe baba," mpaka jiwe likapunguza, likapunguza, likasimama.

 Jiwe liko palepale, zima, lebo yangu katikati. Hakuna kilichopasuka. Mzee aliinuka, akajipangusa, akaokota kofia yake iliyokanyagwa akaivaa. Hakunitazama.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, "mchukue mumeo nyumbani. Sitaki kumwona hapa tena."

Mke wangu alikuwa na machozi ya aibu. Nilimwona anavua glavu moja, akitafuta la kuniambia, na nilijua lingekuwa neno ambalo nyumba yetu isingelisahau. Halafu akageuka kuliangalia jiwe, kama mtu anayekumbuka kitu.

"Baba," alisema, "asubuhi nilikuambia linalika upande mmoja."

"Nikakwambia unaliegemea vibaya."

"Mimi siegemei vibaya. Tangu lini nikaegemea vibaya?"

Alisogea, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye pembe ya ndani ya jiwe, pale ganda lilipokwisha kulika, akakwaruza. Chembe zilidondoka. Akakwaruza tena kwa nguvu zaidi, zikamwagika kwenye kiganja chake, kavu, nyingi. Alinyoosha mkono kwa baba yake.

Mzee alichukua bisibisi. Aliigusa pembe ya nje kwanza: ilipiga kelele na kuteleza. Kisha akaichomeka pembe ya ndani, na bisibisi ikaingia. Iliingia kama kwenye mkate uliolala, bila haraka, mpaka karibu na mpini. Aliiacha imesimama humo. Nilimwona anatazama mahali ambapo binti yake alikuwa amesimama, halafu ukuta, halafu ule ubao sakafuni. 

"Imekuwaje?" mke wangu aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimweleza. Umeme, Mnene, kugeuza mara mbili. Nilimwambia pia kwamba niligonga na sikupenda mlio, nikanyamaza kwa sababu ya ile siku ya nyundo. Mzee alisikia. Alivua kofia iliyokanyagwa akaishika mikononi.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza hata kuisikia ile chai iliyoniunguza mapajani. Lakini mke wangu alikuwa bado ananiangalia, anafikiri. 

"Baba Pacha, huyo Mnene," alisema. "Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukusaidia?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno halikutoka. Nilitoa simu nikampigia, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Yuko mzima?" Mnene aliuliza kabla sijasema lolote. "Shemeji yuko mzima?"

"Yuko mzima. Mnene, sikiliza. Umenigeuzia kalibu mara ngapi?"

Utani ulimtoka sautini. 

"Kunguru," alisema, "mimi nilijua unajua. Nilijua ukirudi unakuta imegeuzwa, unashindilia tu. Kila umeme ukikatika wewe unakimbilia nje, ndugu yangu. Kila ukikatika."

Mwaka ule umeme ulikuwa unakatika kila kukicha. Mawe yangu yalikuwa yametawanyika mji mzima, mengine kwenye karakana za mageti, mengine kwa mafundi wa magari, na mbele ya kila jiwe kuna mtu amesimama uso ukiwa karibu.

Mzee alikuwa wa kwanza kusogea. "Fundi mageti hapo kona," alisema. "Nilimpeleka kwenu mwenyewe. Na yule haoni vizuri, analala juu ya jiwe kabisa." Alibonyeza simu yake, akaiweka sikioni, tukaisikia ikiita upande wa pili. Iliita, ikaita, ikakatika. Alipiga tena. Tulikuwa tunajua, sote watatu, kwamba mtu asiyepokea simu yuko kwenye mashine.

Mke wangu alitupa glavu chini akatoka mlangoni, baba yake nyuma yake, kofia mkononi. Niliwapita wote kabla hawajafika kwenye lori. Nilikuwa mbele, nakimbia kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyeniuliza nakimbia nini.